Sungura wa Dawa ya Njano

Siku tulipomzika Mzee Masalu, kule Misungwi, nilikaa na wanawake kwenye mkeka nyuma ya nyumba, karibu na masufuria ya wali, na kama ilivyo tabia yangu nikawa nasikiliza mazungumzo ambayo sikualikwa. Mjane wake alikuwa anawatajia wenzake watu waliofika kutoka Mwanza mjini, wale ambao marehemu alifanya nao kazi kituoni. Alinitaja mimi, akataja wengine wawili, kisha akasema kwamba yule kijana wa sungura hakuja. "Mzee kafa hajui alimkosea nini," alisema. "Mwaka juzi walikutana stendi. Mzee mzima akatangulia kumsalimia, mwenzake akageuza uso. Alirudi hapa akakaa kwenye kile kiti, chakula hakukigusa." Wanawake wakaguna. Mmoja akalalamikia vijana wa siku hizi, ingawa kijana mwenyewe, Revocatus, sasa ana mvi kichwa kizima. Mimi niliiweka chini sahani ya wali iliyokuwa mapajani. Katika watu wote waliokuwa katika ua ule, ni mimi peke yangu niliyejua kwamba Mzee Masalu hakumkosea Revocatus chochote.

Mwaka uliozaa jambo hilo nilikuwa na umri wa miaka ishirini na mitatu, kibarua katika kituo kidogo cha utafiti njia ya kwenda Buhongwa. Leo ukipita pale unaona maduka ya mabati na saruji pande zote mbili, lakini wakati ule ilikuwa mihogo na mawe, mawe makubwa ya Mwanza yaliyopandana kama mtu kayapanga halafu akaondoka bila kumaliza. Jengo letu liliegemea mawe hayo kwenye mteremko, kwa hiyo lilikuwa na sehemu ya juu na sehemu ya chini. Juu kulikuwa na vyumba viwili vilivyotenganishwa na mlango wa wavu: chumba cha sungura, na chumba cha maandalizi chenye meza, friji na rafu ndefu ya mbao. Chini kulikuwa na stoo isiyo na dirisha, ambako tulihifadhi magunia ya chakula na magazeti ya kutandika vizimbani. Kutoka dirisha la chumba cha sungura ungeweza kuona kipande cha ziwa katikati ya mawe mawili, na ulipoingia asubuhi harufu ya kwanza ilikuwa ya majani makavu na mkojo, ya pili dawa ya kusafishia sakafu. Bado naikumbuka kwa pua kuliko kwa macho.

Kazi iliyokuwa ikifanyika pale ilikuwa hii. Kuna fangasi wanaoacha utando mweupe midomoni mwa watoto wachanga; wengi wetu tumewaona na hatukuwaogopa. Lakini wakiingia kwenye damu ya mgonjwa, wanaweza kufika kwenye moyo na kujishika kwenye vali, vile vijilango vinavyofunguka na kujifunga damu ikipita, hasa kama vali hiyo iliharibika tangu utotoni. Wakishajenga pale, dawa haziwafikii kirahisi. Daktari Kaijage, mama mrefu aliyekuwa mkuu wetu, alikuwa amepoteza mgonjwa kwa namna hiyo, msichana wa shule, na hakupenda kulizungumzia. Alitaka kujua kama dawa mpya iliyokuwa imeanza kuingia nchini ingefanya kazi kuliko ile ya zamani. Kwa hiyo sungura aliyelazwa usingizi alipitishwa mpira mwembamba shingoni hadi kwenye moyo ili vali ikwaruzike, baada ya siku mbili akachomwa fangasi kwenye mshipa wa sikio, na kesho yake matibabu yakaanza. Kundi moja lilipewa dawa ya zamani, ambayo ni ya njano. La pili dawa mpya, isiyo na rangi. La tatu maji ya chumvi tu. Mwisho walipasuliwa, na kinachoota juu ya vali, mfano wa punje za ulezi, kikasagwa na kupandwa kwenye sahani za kioo ili fangasi waliobaki waonekane. Nilikuwa nawapima uzito na joto kila siku hadi nikawajua kwa sura, na siku ya kupasua nilikuwa naomba kazi za nje.

Aliyechanganya dawa ni Revocatus, kijana wa Ukerewe aliyenizidi miaka miwili, fundi wa maabara mwenye mikono mitulivu na mdomo usiotulia. Aliahidiwa kwamba utafiti ule ukikamilika vizuri, Daktari Kaijage angemwandikia barua ya kwenda kusoma udaktari wa mifugo Morogoro. Hilo tulilijua wote, kwa sababu hakutuacha tulisahau. Mzee Masalu alikuwa mlishaji, Msukuma wa Misungwi, aliyewaita sungura "wageni" na kuniita "Skora mwanangu" ingawa jina langu ni Skola. Saa nne tulikunywa chai barazani pamoja na michembe aliyokuja nayo kwenye mfuko wa kitambaa, viazi vilivyokatwa na kukaushwa na mkewe, vilivyopikwa na karanga. Revo alikuwa anamtania kwamba mtu akila michembe kila siku sauti yake inakuwa kama ya ng'ombe. "Na wewe wa kisiwani," mzee alikuwa anajibu bila kuinua macho, "umekula visamaki vya furu mpaka unaogopa kuku." Kila asubuhi Revo ndiye aliyekuwa wa kwanza kumwambia mzee shikamoo, na alikuwa anainama kidogo, kwa utani na kwa heshima kwa pamoja. Nayataja haya kwa sababu nilikuwa pale na niliyaandika.

Niliandika kila kitu. Nilikuwa na daftari la jalada gumu la hesabu za sungura, na nyuma yake nikaanza kuandika mambo ya watu: nani alifika saa ngapi, nani alisema nini, mlango gani ulikutwa wazi. Nikisoma sasa naona jinsi msichana yule alivyoshuku. Alimshuku Mzee Masalu kwamba anapeleka majani ya kabichi kwa kuku wake. Alimshuku Daktari Kaijage kwamba analia ofisini. Zaidi ya wote alimshuku Nitin, wakala wa ile dawa mpya, mtu wa familia ya Kihindi iliyofanya biashara mjini tangu enzi za babu zake, ambaye alikuwa anapita kila wiki mbili kuuliza maendeleo. Niliandika kwamba anacheka sana kuliko maneno anayosema. Daktari alinisifu kwa utaratibu wangu, hasa kwa ile rafu ya mbao, ambayo niliipanga kwa aina na kwa matumizi ya siku, chupa zote zikitazama mbele. Revo alikuwa anasema mbele za watu kwamba kwenye rafu ya Skola mtu anaweza kuchukua kitu akiwa amefumba macho. Nililiandika na hilo, na nikalipigia mstari.

Duru ya kwanza ya sungura ilikwenda vizuri, na dawa ya njano ilifanya kazi kama ilivyotarajiwa. Kisha ikaja sikukuu ya Diwali, na Nitin akatuletea boksi la vitu vitamu vya Kihindi, ladu na barfi, kutoka kwao. Tulilila kwenye chumba cha maandalizi, tukisimama, na makombo yakabaki mezani. Siku ya pili sisimizi walikuwa wamepanga mstari kutoka dirishani hadi kwenye vizimba, na asubuhi ya siku ya tatu tulikuta sungura mmoja ana sisimizi kwenye kidonda cha shingo. Sikuwahi kumwona Daktari Kaijage akikasirika vile. Hakupaza sauti. Alisimama mlangoni akasema, "Kitu chochote chenye sukari nisikione tena katika chumba hiki," akaenda zake. Nilichukua ndoo na kitambaa, nikasafisha chumba chote, na kila chenye sukari nikakitoa: kopo la sukari ya chai, biskuti za Revo, boksi lililokwisha. Nikajaza nafasi zilizobaki kwenye rafu, maana pengo kwenye rafu lilikuwa linaninyima raha, na kazi ikaendelea.

Wiki iliyofuata matibabu ya duru ya pili yalianza, na sungura wa dawa ya njano wakaanza kudhoofika. Mizani haikudanganya. Waliacha kula, joto likapanda, na wawili wakafa kabla ya siku zao, wakati katika duru ya kwanza hakufa hata mmoja wa kundi lile. Wale wa dawa mpya walikuwa wanaruka vizimbani. Kwenye daftari maswali yakaongezeka. Chupa za dawa ya njano zilifungwa foili kuzunguka kwa sababu dawa ile huharibiwa na mwanga, kwa hiyo mtu hakuweza kuona kilichomo, lakini mimi ndiye niliyeziosha jioni kabla ya kuondoka, na nilipofungua foili nikaona chini kuna mashapo ya njano, kama tope la mto baada ya mvua. Hayakuwepo katika duru ya kwanza. Nikaandika tarehe. Siku mbili baadaye nilikuwa nafagia barazani Nitin alipofika, nikawasikia yeye na Revo kupitia wavu wa dirisha. Nitin aliuliza, "Mzee wa njano anaendeleaje?" Revo akajibu kwamba huyo amekwisha, anachechemea tu, kiwanja kitabaki cha mwenzake. Nitin akacheka kile kicheko chake na kusema, "Ukifika Morogoro usitusahau basi."

Nikisikia maneno hayo leo nasikia vijana wawili wanapiga soga. Siku ile nilisikia mpango. Mtu wa dawa mpya anafurahi, mtu anayechanganya dawa ya zamani anafurahi, sungura wanakufa, na kuna tope chini ya chupa: niliona mambo manne yamekaa kwenye mstari mmoja, na nilipenda sana mambo yanapokaa kwenye mstari. Sikumuuliza Revo. Hilo ndilo ninalolirudia nikiwa peke yangu, kwamba ingekuwa swali moja tu, barazani, kwenye chai. Asubuhi iliyofuata niliwahi kabla ya wote, nikamsubiri Daktari Kaijage mlangoni pa ofisi yake na nikamsomea daftari langu, tarehe kwa tarehe. Alinisikiliza hadi mwisho. Aliniuliza kama nimemwambia mtu mwingine, nikasema hapana. Akaniambia niende kazini kama kawaida, na kwamba hatanitaja.

Saa tatu aliingia chumba cha maandalizi Revo akiwa anachanganya. Mimi nilikuwa upande wa pili wa mlango wa wavu, nimemshika sungura, na Mzee Masalu alikuwa nyuma yangu na ndoo ya maji. Daktari aliiinua chupa iliyokuwa mezani, akasoma lebo yake, kisha akaonyesha karatasi iliyobandikwa ukutani kwa mwandiko wa Revo mwenyewe: dawa ya njano ichanganywe kwa maji ya sukari tu, kamwe isichanganywe kwa maji ya chumvi, kwa kuwa itaganda.

"Soma hii chupa," alisema.

Revo alisoma, na nikaona shingo yake inabadilika rangi. "Chumvi," alisema. "Lakini nimeichukua pale pale ninapochukua siku zote."

"Maji ya sukari yako wapi?"

Aliitazama rafu. Zilikuwa chupa zilezile za dripu, umbo moja, kifuniko kimoja, zimepangwa zikitazama mbele, na zote zilikuwa za chumvi. "Sijui, Daktari."

"Hujui. Wiki mbili unachoma wanyama dawa iliyoganda, na hujui. Mtu wa chumba cha sungura ameona na amekuja kuniambia. Wewe unayechanganya hukuona."

Chumba cha sungura kilikuwa na watu wawili. Revo aliinua macho kutazama kwenye wavu, na macho yake yakanipita mimi juu ya bega, yakatulia kwa Mzee Masalu. Mzee hakuelewa kitu. Alikuwa ameshika ndoo yake akisubiri nimpishe njia. Jioni Revo alikusanya vitu vyake, akapita barazani ambako mzee alikuwa ameketi akifunga mfuko wa michembe, na kwa mara ya kwanza hakumwamkia. Mimi alinishika mkono. Aliniambia, "Skola, ubaki salama. Jihadhari na watu wa humu." Barua ya Morogoro haikuandikwa.

Nimejiuliza mara nyingi kama asubuhi ile, Daktari alipouliza maji ya sukari yako wapi, nilikumbuka. Daftari halisemi, na kumbukumbu yangu naishuku kama ninavyowashuku watu wengine. Ninachojua kwa hakika ni kwamba wiki tatu baadaye nilishuka stoo ya chini kuchukua magazeti, nikawasha tochi, na nyuma ya magunia nikaona kopo la sukari ya chai, biskuti za Revo zilizoliwa na panya, na katoni mbili zilizopangwa vizuri, moja juu ya nyingine. Ubavuni mwa katoni ya juu palikuwa na mwandiko wangu wa herufi kubwa: TAMU, ISIRUDI JUU. Ndani yake yalikuwa maji ya sukari, chupa zote, zikitazama mbele. Daktari alisema kitu chochote chenye sukari, na mimi nilitii kwa kila kitu chenye neno hilo. Kisha nikaziba pengo kwa chupa za chumvi, na mtu aliyeiamini rafu yangu akazichukua akiwa amefumba macho.

Niliketi juu ya gunia kwa muda. Nilisikia juu ya kichwa changu kucha za sungura kwenye sakafu ya vizimba, na viatu vya Mzee Masalu vikienda na kurudi. Ningeweza kupanda ngazi nikasema. Nilipanda ngazi, nikarudisha chupa mahali pake, nikachana ule ubavu wa katoni wenye mwandiko na kuukunja ndani ya daftari. Daktari Kaijage alipoziona aliuliza zimetoka wapi, nikajibu kwamba zilikuwa stoo. Aliguna tu. Nadhani aliamini kwamba Revo ndiye aliyezificha, na mimi nikamwacha aamini. Duru ya tatu dawa ya njano ilifanya kazi kama mwanzo, ile mpya ikafuata nyuma yake si mbali sana, na Nitin, ambaye nilimshuku kuliko wote, alipokea matokeo hayo, akasema angalau sasa tunajua, akaendelea kutuletea ladu kila mwaka. Tulizilia nje. Mimi nikapewa ajira ya kudumu, kwa uaminifu na utaratibu, hivyo ndivyo barua ilivyosema.

Mzee Masalu nilifanya naye kazi miaka mingi baada ya hapo, hadi alipostaafu. Mara moja moja, chai ikiwa mezani, aliniuliza kama nimesikia habari za Revo, na kama ninajua kwa nini alinuna. Nilikuwa nasema sijui. Alinisogezea michembe na kusema labda ni ule utani wa furu, labda ulimuuma.

Revo hakupotea. Miaka michache iliyopita alifungua duka la dawa za mifugo palepale Misungwi, na wafugaji wanamwita daktari ingawa hana cheti hicho. Wiki moja baada ya mazishi nilimpigia simu nikamwomba aje kwangu Buhongwa. Alikuja Jumamosi mchana, na kabla ya kukaa aliangalia chumba kama mtu anayetafuta mlango wa pili. Aliuliza kama ninaumwa. Nilimpa chai, na kwa kuwa maneno yangu hayakupangika nilimpa daftari, nikafungua kurasa mbili na kuweka kile kipande cha katoni katikati yake. Ukurasa mmoja ulikuwa wa siku niliyosafisha chumba, mwingine wa siku niliyomsubiri Daktari mlangoni.

Alivaa miwani. Alisoma polepole, akafuata mistari kwa kidole kama anavyosoma lebo, na akarudia. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Hakunitukana.

"Sikusoma lebo," alisema mwishowe. "Hilo ni langu, na nimelilipa. Tangu siku ile sijafungua chupa bila kuisoma mara mbili." Akavua miwani. "Lakini mzee. Wewe ulikuwa unamwona kila siku?"

"Kila siku."

"Nilijua ni yeye. Nilikuwa na uhakika kama ninavyokuona hapo. Pale stendi alinisalimia yeye kwanza, Skola. Mzee wa umri ule." Kisha akaniuliza kama kaburi liko nyumbani au makaburini, nikamwambia liko nyumbani, upande wa zizi. Akasema kesho anakwenda, na kwamba mimi nitakwenda naye na nitasema mwenyewe kwa mdomo wangu, si kwa daftari.

Nilisema. Mama Masalu alikuwa anaanika viazi kwenye mkeka, na hakuacha kuvipanga nilipokuwa naongea, kipande baada ya kipande, visigusane. Nilipomaliza aliuliza swali moja tu, kama ina maana mzee hakuwa na kosa, nikasema hakuwa nalo. Akajifuta mikono kwenye kanga akatuongoza upande wa zizi. Udongo ulikuwa bado mwekundu. Revo alisogea mbele, akainama kidogo kama alivyokuwa anainama barazani, akasema, "Shikamoo, mzee." Tukasimama kimya, kama watu wanavyosimama wakisubiri kuitikiwa, ng'ombe wakihema nyuma ya miiba. Halafu Mama Masalu akanigeukia, akaniambia na mimi nimwamkie. Nilimwamkia mtu yule kila asubuhi kwa miaka yote ile, kwa sauti safi, bila kukosa hata siku moja. Nilifungua mdomo, na sauti haikutoka.